Maji Tuliyoyachemsha

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji, na kwa wakurugenzi wa mamlaka za maji zinazochota Ziwa Victoria

Mheshimiwa Waziri, ndugu wakurugenzi,

Nimefundisha sayansi katika shule za msingi kisiwani Ukerewe kwa miaka 31. Kila mwaka, mvua zilipoanza na habari za kipindupindu kufuata nyuma yake, niliwauliza watoto mstarini: maji ya kunywa tunayafanya nini? Walijibu kwa sauti moja: tunayachemsha, tunayachuja, tunayaweka kwenye chombo chenye mfuniko. Niliandika hivyo ubaoni, nikatungia mtihani, na aliyekosa swali hilo alirudia mpaka akalipata. Sijutii. Kuchemsha maji kumeokoa watu wengi katika visiwa hivi, na mzazi anayeisoma barua hii asiache hata siku moja.

Lakini kuna jambo sikuwafundisha, maana na mimi sikulijua. Ziwani kwetu kuna sumu ambayo moto hauiwezi. Ukiyachemsha maji yenye sumu hiyo, vijidudu vya kuhara vinakufa, sumu inabaki sufuriani. Na kwa kuwa maji hupanda kwa mvuke wakati sumu haipandi, kila dakika inayoongezwa jikoni inaikoleza. Mama anayeacha sufuria ichemke muda mrefu zaidi kwa kumhofia mwanawe anafanya kile tulichomfundisha, kwa bidii kuliko wenzake, na siku za utando bidii hiyo inamgeuka.

Utando ninaousema mnaujua. Upepo ukitulia siku mbili tatu na jua likawaka baada ya mvua, maji ya ghubani huanza kuonyesha punje ndogondogo za kijani, kama majani yaliyosagwa. Kesho yake ukingo mzima unakuwa kama mtu amemwaga rangi ya mafuta. Ukikaukia juu ya mawe unaacha ukoko wenye rangi ya buluu, na harufu yake huingia mpaka ndani ya nyumba. Watu husema ziwa limechafuka. Wanausukuma utando kwa mgongo wa ndoo, wanachota palepale chini yake, wanaondoka.

Vitabu vya zamani viliuita mwani wa buluu-kijani. Kwa kweli si mwani. Ni bakteria, sainobakteria, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama majani yafanyavyo. Wanaotawala ziwani kwetu ni jamii za Microcystis na Dolichospermum, ambaye watafiti wa zamani walimwita Anabaena. Ndani ya seli zao mna vifuko vidogo vya hewa, na kwa vifuko hivyo hupanda juu maji yanapotulia, wakayafunika na kuwanyima mwanga wenzao walio chini. Wengine wana sumu, wengine hawana, na jicho haliwezi kuwatofautisha. Mvuvi wa miaka 50 hawezi, mwalimu wa sayansi hawezi. Kipimo tu ndicho kinachoweza.

Sumu inayojulikana zaidi inaitwa mikrosistini, na kiungo inachokilenga ni ini. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo, kila siku, kwa miaka, hapo ndipo hofu yangu ilipo: wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeiweka aina yake moja katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote asipewe zaidi ya mikrogramu 1 kwa lita. Ni sawa na gramu moja iliyoyeyushwa katika lita milioni moja za maji. Huioni, huinusi, huionji.

Na haya si ya nchi za mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu Ghuba ya Mwanza ulikuta sumu hii ipo, ingawa kwa kiasi kidogo. Watafiti wa Kitanzania waliokuja kupima maji ya hapa Ukerewe walikuta imevuka kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ziwa ni moja, majibu mawili. Sishangai: upepo husukuma utando kutoka ghuba hii kwenda ile, na maji yaliyokuwa salama Jumatatu yanaweza yasiwe salama Alhamisi. Ndiyo maana kipimo cha mara moja, kinachoishia kwenye jarida la kitaalamu, hakimsaidii anayechota leo.

Mwaka mmoja wavulana wanne wa darasa la sita walikwenda kuogelea siku ya utando. Walirudi na vipele mwili mzima, midomo imevimba, wawili wanatapika. Walipopelekwa kutibiwa waliandikiwa dawa za malaria. Walipona, namshukuru Mungu. Siwezi kusema ulikuwa utando, kwa sababu hakuna aliyeyapima maji wala aliyeuliza walikuwa wapi. Hilo la kutouliza linaniuma mpaka leo, na mimi nimo, maana nilikuwapo na sikuuliza.

Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru kaskazini mashariki mwa Brazili, wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwenye kliniki moja walianza kuona ukungu machoni na kutapika. Maji ya mashine yalikuwa yameletwa kwa lori kutoka kwenye bwawa lenye sainobakteria, bila kutibiwa ipasavyo. Zaidi ya watu 50 walikufa kwa ini kushindwa kazi. Kanda ya Ziwa nayo sasa ina huduma ya kusafisha damu, na kila mashine kati ya hizo inategemea maji.

Habari iliyonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni ya Toledo, mji wa jimbo la Ohio huko Marekani unaokunywa maji ya Ziwa Erie. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 2014, wakazi wapatao laki nne waliambiwa wasinywe maji ya bomba, na wakaambiwa pia wasiyachemshe. Zuio lilidumu siku tatu, likaondolewa. Nimelifikiria sana neno hilo, msichemshe. Mji mzima ulielezwa kinyume cha kile kila mama anachokijua, na watu wakatii, kwa sababu aliyewaambia alikuwa na namba mkononi: tumepima, imezidi. Siku namba iliposhuka waliambiwa wanywe, wakanywa. Bila namba, tangazo kama lile lingekuwa uvumi.

Mimi sijawahi kuona namba hiyo ikibandikwa popote. Si mwaloni, si kwenye ofisi ya kijiji, si kwenye risiti ya maji. Kama mnaipima na kuiweka kwenye majalada, basi itoeni. Kama hamuipimi, anzeni.

Ndugu wakurugenzi, anayekunywa maji ya Capri Point au Butimba, jijini Mwanza, anakunywa maji yaliyopita mtamboni. Maji ya mtambo wa Ihelele yanasafiri mpaka Kahama na Shinyanga, na kutoka huko yamefikishwa mpaka Tabora, zaidi ya kilomita 200 kutoka ziwani. Ni kazi kubwa, na anayejua adha ya kubeba ndoo hawezi kuibeza. Ila mtu wa Tabora hajawahi kuuona utando. Hana namna ya kujua kwamba asubuhi ile ziwa liliamka kijani. Anawategemea ninyi, na bomba halisemi.

Kwa hiyo nauliza kwa heshima: mdomo wa bomba lenu uko kina gani? Viumbe hawa wanaelea. Maji ya chini kidogo, mbali na ukingo, huwa na wachache mno kuliko ya juu. Je, siku za utando klorini inatiwa mwanzoni, kabla ya shabu? Seli iliyo hai ni mfuko uliofungwa, na sumu nyingi imo ndani yake. Shabu ikitiwa kwanza, seli zinashikana, zinazama, mchanga wa machujio unazikamata zikiwa nzima, na sumu inatoka pamoja nazo. Klorini ikitangulia inaupasua mfuko, sumu inamwagika majini, na mchanga hauwezi tena kuikamata. Klorini ina kazi yake mwishoni, seli zikishaondoka: ikipewa muda wa kutosha huivunja sumu iliyobaki. Lakini huifanya kazi hiyo vizuri pale tu pH inapokuwa chini ya 8, na ziwa likishakuwa kijani maji yake hupanda juu ya hapo. Mtambo unaotumia kipimo kilekile cha klorini Januari hadi Desemba unaweza kudhani umelinda watu kumbe haujawalinda. Machujio nayo yaoshwe upesi, maana seli zilizonaswa hufia mchangani na kuachia kilichomo. Na stoo kuwe na mkaa amilifu wa unga wa kunasa sumu, mifuko inayongoja siku mbaya, kama vile zimamoto wanavyongoja na maji yao.

Nimesikia pia mwaloni watu wakiomba serikali ije imwage dawa ziwani, na wapo wanaoutaja mrututu. Mrututu unaua sainobakteria kweli. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm, jimbo la Queensland, Australia, wakazi walilalamikia harufu na ladha ya maji ya bwawa lao, na bwawa likamwagiwa mrututu. Maji yakapoteza ukijani. Siku chache baadaye karibu watu 150, wengi mno wakiwa watoto, walikuwa wanaumwa ini na figo, wanatapika, wanalazwa. Seli zilikufa kwa pamoja na kuimwaga sumu yao, ya aina nyingine na hii yetu, ndani ya maji yaliyoonekana masafi. Hata pasipo mrututu, utando ukifa wenyewe hufanya hivyohivyo. Siku ambayo maji yanaanza kurudia rangi yake, watu wanafurahi na kukimbilia ndoo. Siku hiyo ndiyo ningependa kuwe na mtu mwaloni wa kuwaambia wangoje.

Nafahamu kwa nini jambo hili linasemwa kwa kunong'ona. Wazee wa mwaloni wanaukumbuka mwaka 1999, Ulaya ilipofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu za kuulia wadudu. Sangara aliyekuwa mali jana akawa mzigo. Kwa hiyo leo mtu akitamka neno sumu na neno ziwa katika sentensi moja, anatazamwa kama mtu anayetaka kuwanyima wenzake ugali.

Lakini tukumbuke na kilichofuata. Hatukulia tu. Tulipanga ukaguzi, tukaisafisha mialo, na Nyegezi ikawa na maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Minofu ya sangara ikawa haipandi ndege bila karatasi, na soko likafunguliwa. Nchi hii iliweza, tena kwa haraka, kwa ajili ya mlaji aliyeko Ulaya ambaye hatutamwona kamwe. Siwezi kukubali nikiambiwa kwamba kumpimia maji mtoto wa kisiwa cha Ukara ni jambo gumu kupita hilo. Wataalamu tunao, vyuo vyetu vimewasomesha, na baadhi yao ndio hao waliokuja kupima hapa kisiwani. Hawana amri ya kurudi kila wiki.

Na samaki wenyewe lazima waguswe na vipimo hivyo, dagaa hasa. Ng'ambo ya Kenya, katika Ghuba ya Winam, watafiti waliikuta sumu hii kwenye samaki, na samaki wadogo wanaoliwa wazima, pamoja na matumbo yao, walikuwa nayo zaidi kuliko wakubwa. Sisemi watu waache dagaa. Dagaa ndiye nyama ya asiye na nyama, na nisingependa barua hii imharibie mama yeyote anayeanika pale Nansio. Nasema wapimwe, msimu kwa msimu, mwalo kwa mwalo, ili siku mtu wa mbali atakapouliza tuwe na majibu. Mficha maradhi kifo humfichua, tulishaona 1999.

Mheshimiwa Waziri, kuhusu kuzuia utando wenyewe usizaliwe nitakuwa mfupi, kwa sababu jibu linajulikana na kazi yake ni ndefu. Chakula cha viumbe hawa ni fosforasi na naitrojeni. Mwaka 1973 mwanasayansi David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo la Kanada kwa pazia. Upande mmoja waliutia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakaongezea fosforasi. Upande wa fosforasi ndio uliogeuka kijani, na picha yake ya kutoka angani haihitaji maelezo. Mji wa Seattle, Marekani, uliacha kumwaga majitaka katika Ziwa Washington kati ya mwaka 1963 na 1968, na katika miaka michache iliyofuata ziwa likatakata.

Letu si Ziwa Washington. Ni kilomita za mraba zaidi ya 68,000, nchi tatu zinalizunguka, mito inalishushia udongo wa Rwanda na Burundi kupitia Kagera, na Simiyu na Mara zinaleta wa kwetu. Tena sehemu kubwa ya fosforasi yake huanguka kutoka angani, kwenye mvua, vumbi na moshi wa mashamba na misitu inayochomwa. Anayechoma shamba huko bara analilisha ziwa hili bila kujua. Kwa hiyo sitarajii kuliona likiwa jeupe katika umri wangu, na sitaki ahadi ya namna hiyo. Ninachotaka ni mambo yaliyo mikononi mwetu: Mto Mirongo usiendelee kuibeba Mwanza na vyoo vyake hadi ziwani, mafunjo ya midomo ya mito yaachwe, maana ndiyo yanayokamata udongo kabla haujafika, vizimba vya sato ambavyo serikali inavihimiza viwekwe penye kina na mkondo, si kwenye vighuba vilivyolala, ambako chakula kisicholiwa na kinyesi hutua chini na kuwa mbolea, na sabuni zetu za kufulia zitazamwe, maana Ulaya iliwekea mipaka fosfeti kwenye sabuni za kufulia tangu 2013. Tume na kamisheni za ziwa zipo, na mikutano yake imekuwa mingi. Ningependa tuisikie ikizungumzia ndoo.

Maana nusu ya barua hii ni ya wasio na bomba, na hao visiwani ni wengi. Mtambo hauwahusu. Wanahitaji mtu wa kuwaambia maneno machache yaliyo wazi, kwa Kiswahili na kwa Kikerewe, kwenye redio na misikitini na makanisani: usichote penye utando, wala chini yake, sogea upande ambao upepo unatokea. Usimwache mtoto aogelee humo, wala ng'ombe na mbuzi wanywe. Samaki mtoe matumbo na ini, uyatupe. Chimba kisima cha mchangani hatua kadhaa kutoka ukingoni, maji yapite mchangani kabla hayajakufikia, kisha chemsha kama ulivyofundishwa. Na shule zetu, ambazo mabati yake yanapokea mvua nyingi kila mwaka na kuiacha itiririke chini, ziwekewe mifereji na matangi. Mtoto akinywa mvua shuleni, hiyo ni siku moja ambayo ini lake limepumzika.

Sisi tutafanya ya kwetu. Mwaka wangu wa mwisho kazini, wanafunzi wangu walipaka mfuniko wa ndoo rangi nyeupe na nyeusi, wakaufunga kamba yenye mafundo, wakawa wanauzamisha kutoka kwenye mtumbwi na kuandika ni fundo la ngapi unapopotea machoni. Ni kifaa cha kitaalamu kilichotengenezwa kwa takataka, na kwa wiki kumi walijua kabla ya mtu mzima yeyote kwamba maji yanaanza kuchafuka. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo wetu kimekubali kuendelea na kazi hiyo. Lakini mfuniko wa ndoo hauoni sumu. Hapo ndipo tunapowahitaji: sampuli moja kila wiki kutoka kwenye kila mwalo mkubwa na kila mdomo wa bomba, maabara moja Mwanza yenye jukumu hilo, na majibu yanayorudi kabla wiki haijaisha, si kabla mwaka haujaisha.

Ubao tumeshautundika kwenye ukuta wa ofisi ya BMU, upande unaotazama ziwa. Safu ya kwanza imeandikwa tarehe, ya pili fundo, ya tatu mikrosistini. Safu mbili zinajazwa kila Jumatatu asubuhi. Ya tatu iko wazi.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Ukerewe